Fedha za Yubile na Malezi ya Vijana

Yubile inapofika, ngoma hupigwa, wageni hulishwa, na mchango hukusanywa. Ngoma hukoma, na karamu huisha siku ile ile. Walakini mchango husalia, na hapo ndipo penye shauri kubwa: utumiwe kwa kazi gani? Twaona vema kuwasimulia wasomaji wetu, na hasa walimu, jinsi watu wa Uingereza walivyolijibu swali hilo kwa ajili ya vijana wao.

Mwaka 1935 Mfalme George V alitimiza miaka 25 ya kutawala. Nyakati zile zilikuwa ngumu. Watoto wengi waliacha shule wakiwa na umri wa miaka 14, na mahali pengi kazi ilikuwa haba. Kijana aliyekosa kazi alishinda njiani, hana la kufanya wala wa kumwongoza. Basi mwana wa Mfalme, Edward, aliwaomba watu watoe fedha za shukrani. Wala si za kujengea sanamu, bali za kukisaidia kizazi kinachoinukia katika mwili, akili na roho. Zikakusanywa karibu pauni milioni moja, na hazina hiyo ikaitwa King George's Jubilee Trust. Kazi yake ilikuwa kuvipa ruzuku vyama vya vijana vilivyokuwako tayari, maana aliyekwisha kulima ndiye wa kuongezewa mbegu.

Mfalme alifariki mwezi wa Januari 1936. Mwaka ule ule ukawekwa mfuko mwingine wa ukumbusho wake, wa kusaidia kupatikana kwa viwanja vya michezo. Huu nao ulikuwa na busara yake. Haukubeba gharama zote, bali ulitoa sehemu, na wenyeji wa mahali wakatafuta zilizosalia. Kwa njia hiyo kila mji ulikihesabu kiwanja kuwa mali yake, ukakitunza. Vilipatikana viwanja 471, na kila kimoja kiliwekwa amana kwa ajili ya michezo, kisije kikauzwa baadaye kwa tamaa ya mtu. Hata leo watoto wa watoto wa wale waliochanga wacheza humo.

Hata hivyo palibaki pengo. Ruzuku inayopitia chama humfikia aliye ndani ya chama. Je, yule aliye nje, aliyeshindwa shule au aliyetoka kifungoni? Mwaka 1972 Charles, ambaye leo ni Mfalme, alimsikia redioni George Pratt, mkubwa mmoja wa kazi ya kuwasimamia wakosaji katika London, akieleza mpango wa kuwapa vijana wa namna hiyo kazi za kuwafaa jirani zao. Neno hilo lilimwingia moyoni. Mwaka 1976 alipotoka katika jeshi la majini alipewa pauni 7,400, naye akaziweka ziwe mwanzo wa hazina iitwayo Prince's Trust, ambayo tangu mwaka 2024 huitwa King's Trust.

Ruzuku zake za kwanza zilikuwa ndogo, nazo zilitiwa mikononi mwa vijana wenyewe. Msichana wa miaka 19 alisaidiwa kuendesha nyumba ya makutano katika mtaa wa Haggerston, London. Wawili waliokuwa wamehukumiwa zamani walisaidiwa kuendesha chama cha uvuvi. Wengine walisaidiwa katika kazi ya kutengeneza baisikeli.

Wako wasemao kwamba kijana hawezi kuaminiwa fedha. Sisi twajibu: hatajifunza uaminifu asipoaminiwa kitu. Lakini asiachwe peke yake. Apewe kidogo kwanza, awe na mtu mzima wa kumwendea kwa shauri, na hesabu isomwe mbele ya watu, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Wala wenyeji wasikae wakingoja mfadhili amalize yote. Nao watie fungu lao, hata likiwa la mbao au la nguvu za mikono.

Ndugu wasomaji, yubile yetu nayo itapita. Wazee wamekwisha kutoa walichokuwa nacho. Kabla mchango huo haujaisha wote kwa bati na saruji, na tuuulize kila mtaa: kijana gani hapa ana kazi njema iliyokwama kwa kukosa fedha kidogo? Huyo naye ni jengo la yubile.