Wazee Wetu Waliolala Bila Alama

Katika kurasa hizi huwa tunachangishana kwa ajili ya maji, karo na madarasa. Mwaka huu tunaomba tuwakumbuke pia waliotutangulia.

Historia yetu ya misheni inajulikana. Johann Ludwig Krapf aliwasili Mombasa mwaka 1844, na mwaka huohuo mkewe Rosine akafariki. Kaburi lake lipo Nyali hadi leo, kwa sababu lilijengewa na likatunzwa. Mwaka 1846 Krapf na Johannes Rebmann walianzisha kituo chao hapa Rabai. Miaka iliyofuata kituo kikawa kimbilio la watu waliotoroka utumwa katika mashamba ya pwani: Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo. Tarehe 1 Januari 1889, watu 1,421 waliokimbilia vituo vya misheni, wengi wao hapa Rabai, walipewa vyeti vya uhuru baada ya mabwana wao kulipwa fidia. Sisi ambao kazi yetu ni vitabu vya hesabu hatuwezi kupita hapo bila kusimama. Babu na nyanya zetu waliingia katika maandishi kwa njia ya malipo.

Mrabai wa kaya akiulizwa asili yake anataja mbari yake, na mbari inamrudisha kayani, katika ile misitu mitakatifu iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008. Mjukuu wa mtoro aliyekombolewa hana kaya ya kutaja. Kwa ukoo kama wetu, kaburi la mzee wa kwanza ndilo lililokuwa shina. Ukionyeshwa lilipo, ulijua umetoka wapi na una haki ya kusema hapa ni kwetu.

Lakini yale makaburi ya zamani ya kanisa walikozikwa wazee wetu hayaonekani tena. Wachache walijengewa kwa mawe. Wengi walichomekewa misalaba ya mbao, na mchwa wakamaliza kazi yao. Mawe yaliyobaki yalibebwa kidogo kidogo kwenda kuwa misingi ya nyumba. Kisha ukaja muhogo, na baada ya muhogo, njia ya miguu. Hakuna aliyekusudia kuwadharau wafu. Jamaa walihamia mjini, nasi tukiwamo, na mahali pasipo na mwenyewe hupata mwenyewe mwingine.

Hata hivyo, wazee hao bado wanaweza kupatikana. Daftari la ubatizo na daftari la maziko ni kama vitabu viwili vya hesabu: jina lililoingia katika kimoja hutafutwa katika kingine. Ugumu ni kwamba majina ya ubatizo yanarudiwa rudiwa. Akina Yohana ni wengi, na jina la ubatizo la baba mara nyingi limekuwa jina la ukoo la mtoto. Basi inabidi kulinganisha umri, mahali alipoishi mtu na wadhamini waliosimama naye akibatizwa. Jina la mjukuu nalo husaidia, kwa kuwa kwetu babu hurudi katika mjukuu. Kumbukumbu nyingine za misheni ya CMS zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, na ndugu zetu walio huko wanaweza kutusaidia kuzisoma.

Ipo hazina moja isiyohifadhiwa popote, nayo ni vinywa vya wazee wetu. Bado wapo wanaoweza kusimama shambani na kusema, huyu alilala chini ya mwembe, na yule upande wa bondeni. Daftari linatupa jina na tarehe, lakini mahali penyewe tutaonyeshwa na wao. Kila tunapozika mzee mmoja, tunazika na makaburi mengine pamoja naye.

Kwa hiyo sehemu ya mchango wa mwaka huu itafanya kazi nne: kunakili madaftari kabla wadudu hawajayamaliza; kurekodi sauti za wazee wakiwa mahali penyewe; kumlipa mpima ardhi aweke mipaka kwa makubaliano na wanaolima hapo; na kujenga ukuta mmoja wa kuandikwa majina yote tutakayothibitisha, awe mtu wa kaya au wa misheni. Hatutamwondoa mtu shambani kwake kwa ajili ya mifupa. Tunataka tu alama, ili mtoto akiuliza aonyeshwe.

Mwenye picha ya zamani, cheti cha ubatizo au Biblia iliyoandikwa majina ya jamaa, tunamwomba alete nakala pamoja na mchango wake. Vyote viwili vitaandikiwa stakabadhi.