Kilimafedha: Dhahabu Ndani ya Serengeti

Mgeni anayevuka mpaka wa Kenya na Tanzania hapa Sirari na kushika barabara ya Tarime, Nyamongo hadi Mugumu hupita mgodi wa dhahabu wa North Mara ulioko Nyamongo, uliofunguliwa 2002, kisha huikuta nchi ya utalii. Wengi hudhani uchimbaji na utalii ni mambo mawili yasiyohusiana. Kilimafedha inakanusha: eneo hilo, lililomo leo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, lilichimbwa dhahabu enzi za Wajerumani na tena chini ya Waingereza, kabla hifadhi haijaanzishwa mwaka 1951. Miamba yake ni ya jamii moja na ya Tarime: mishipa myeupe ya kwatzi, na ndani yake chembe za dhahabu ambazo mara nyingi jicho halizioni mpaka jiwe lisagwe.

Yupo atakayesema watalii hufuata nyumbu, si mashimo. Ni kweli, na nyumbu wabaki mbele. Lakini kuionyesha nyika kana kwamba haikuguswa na mkono wa mtu ni kuwafuta wachimbaji, pamoja na Waikoma na Wanata walioitumia ardhi hiyo. Mashimo ya zamani yanastahili uzio imara na mwongozaji anayeijua historia yake. Yakiachwa yafukiwe bila kumbukumbu, wakazi wa Nyamongo watakosa mfano wa karibu wa kujiuliza ardhi yao itatumikaje dhahabu itakapokwisha.