Kumbukumbu Iliyocheza Mgongoni

Machi 1981, kampuni ya Sinclair Research ya Cambridge, Uingereza, ilianza kuuza kompyuta ya ZX81 kwa pauni 69.95. Aliyejua kulehemu aliichukua vipandevipande kwa pauni 49.95 akaiunga mwenyewe. Kwa kompyuta ya nyumbani, ilikuwa bei ya kutupa. Lakini rahisi ilivunja upishi mahali pamoja: ndani mlikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 1 tu.

Tupige hesabu. Kilobaiti 1 ni baiti 1,024. Mashine ilijichukulia 125 kwa mambo yake ya ndani. Skrini iliyojaa, mistari 24 ya herufi 32, ilimeza nyingine 793. Mwenye programu akaachiwa 106, nafasi isiyotosha hata aya hii. Wajanja waliacha sehemu kubwa ya skrini tupu, maana mstari usio na kitu ulikula baiti 1 tu. David Horne akawapita wote: programu yake ya kucheza sataranji na binadamu ilienea katika baiti 672. Haikujua kanuni zote za mchezo, lakini nani angelalamika?

Wasio na kipaji hicho walinunua pakiti ya kilobaiti 16. Mwanzoni iliuzwa pauni 49.95, sawasawa na ile kompyuta ya kujiungia. Ilikuwa kisanduku cheusi kilichochomekwa nyuma, kwenye ukingo wa bodi. Hapakuwa na skrubu wala kishikizo.

Sasa, kibodi ya ZX81 ilikuwa bapa, vitufe havikuzama, kwa hiyo mtu alibonyeza kwa nguvu. Mashine ikatikisika, pakiti ikacheza, chuma kikaachana na chuma kufumba na kufumbua. Basi! Kila kitu kimefutika. Aliyekuwa akinakili programu kutoka gazetini jioni nzima alirudi mstari wa kwanza, isipokuwa kama alikumbuka kuihifadhi kwenye kaseti. Mwenye printa ya Sinclair alijiongezea balaa: plagi yake ilikaa kati ya mashine na pakiti, viungo vya kucheza vikawa viwili.

Tiba ilipatikana droo ya jikoni: selotepu, au Blu-Tack, ile gundi laini ya kubandikia picha ukutani. Kampuni nyingine, Memotech mojawapo, zikatengeneza pakiti zao. Mimi siwalaumu sana Sinclair. Kiungo imara kingeongeza gharama, na bei ndiyo iliyouza mashine hizo zaidi ya milioni moja. Tena bila kilobaiti 16, Malcolm Evans asingeweza kumtia dinosau ndani ya mchezo wake wa 3D Monster Maze awafukuze watu vichochoroni.

Aprili 1982 ikaja ZX Spectrum, kilobaiti 16 au 48 zikiwa ndani kwa ndani. Pakiti za zamani bado zinauzwa mkono kwa mkono, na si ajabu kukuta mgongoni mwazo kipande cha gundi kilichokauka.