Makasi katika Sinema

Wengi wetu twapenda sinema. Walakini ni wachache wanaojua ya kuwa sinema ile ile haionyeshwi sawasawa katika kila inchi. Mara nyingi, kabla ya kufika kwa watazamaji, imepita chini ya makasi.

Mwaka 1930 watengenezaji wa sinema wa Hollywood, Marekani, walikubali sheria za adabu zilizotungwa na Padri Daniel Lord, Mjezuiti, pamoja na Martin Quigley, mchapishaji Mkatoliki. Toka 1934 Joseph Breen, naye Mkatoliki, alizisimamia kwa nguvu. Zilikataza kuonyesha mapendo ya mume kwa mume au ya mke kwa mke, hata kwa fumbo.

Tutazame mfano mmoja. Mwaka 1934 Lillian Hellman alitoa mchezo wa jukwaani, jina lake The Children's Hour. Mtoto wa shule awasingizia walimu wake wawili, wanawake, ya kuwa wanapendana kama mume na mke. Shule yafungwa, na mwalimu mmoja ajiua. Mwaka 1936 William Wyler aliufanya mchezo huo kuwa sinema. Jina likabadilishwa, ikaitwa These Three. Uwongo wa mtoto nao ukageuzwa: sasa alisema mwalimu mmoja anaiba mchumba wa mwenzake. Hata kifo kikaondolewa. Mwaka 1961 sheria ililegezwa. Wyler yule yule akaitengeneza sinema upya, na masingizio ya kwanza yakarudi.

Makasi hayakutupwa. Mwaka 2019 Rocketman, sinema juu ya maisha ya mwimbaji Elton John, ilipofika Urusi, karibu dakika tano zilikatwa. Yeye na watengenezaji walilalamika wazi.

Basi tuseme nini? Mzazi ana haki ya kuchagua watoto wake watazame nini. Lakini kuchagua ni jambo moja, kudanganya ni jingine. Anayekataza sinema asema wazi: hii siitaki. Anayekata na kushona kimya ampa mtazamaji habari nusu kana kwamba ni nzima, na pengine ni habari za mtu aliye hai. Amri ya nane haituachilii, hata tukiwa na nia njema.

Katekismu ya mwaka 1992 yatuagiza kuwapokea watu hawa kwa heshima na huruma. Tutawapokeaje, ikiwa tumekwisha kuwakata hata katika picha?