Jiwe la Chang'ombe: Mchango wa Mwaka wa Wahitimu na Wazazi kwa Chuo Kikuu

Kabla Kiswahili hakijawa na "chuo kikuu", kilikuwa na "chuo" tu. Kwa watu wa pwani chuo kilikuwa mahali pa kusomea Qur'ani, barazani kwa mwalimu au ubavuni mwa msikiti. Mtoto aliyemaliza juzuu zote thelathini alisemwa kuwa amehitimu, na neno hilo limetoka katika Kiarabu, kwenye asili yenye maana ya kukamilisha na kutia muhuri. Siku hiyo mzazi hakwenda kwa mwalimu mikono mitupu. Alipeleka hidaya kwa kadiri ya uwezo wake, iwe nguo, fedha au chakula. Kwa hiyo chuo, mhitimu na mzazi mwenye kutoa ni mambo matatu yaliyokuwapo nchini mwetu kabla ya chuo kikuu chochote.

Leo neno "chuo" tumelipandisha daraja, na "mhitimu" tumempa joho na kofia. Ile desturi ya kutoa tumeiacha nyuma. Makala hii inauliza swali moja: jiwe la msingi likishawekwa na wageni wakishaondoka, ni nani anayekibeba chuo kikuu mwaka hadi mwaka? Jibu tutalitafuta katika historia ya mji wetu wa Dar es Salaam na katika vitabu vya fiqhi.

Kutoka New Street hadi Chang'ombe

Mwaka 1933 Waislamu wa Dar es Salaam, wakiwemo Kleist Sykes na Mzee bin Sudi, waliunda chama cha Al-Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika. Chama hicho kilikuwa na shule katika New Street, mtaa ambao leo unaitwa Lumumba, na humo watoto walisoma dini pamoja na masomo ya kisasa. Waliokiunda walikuwa makarani, wafanyabiashara na watu wa kawaida wa mjini. Hawakuwa na hazina ya serikali wala mfadhili wa ng'ambo. Walichokuwa nacho ni michango.

Katika mtaa huohuo, tarehe 25 Oktoba 1961, chuo kikuu cha kwanza cha nchi yetu kilifungua milango yake kwa kitivo cha sheria, kikiwa ndani ya jengo la chama cha TANU. Mwaka 1964 kilihamia Mlimani. Kwa hiyo hata Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza maisha yake katika nyumba ya kupewa.

Upande wa Waislamu, jumuiya kubwa zama hizo ilikuwa East African Muslim Welfare Society, iliyoasisiwa Mombasa mwaka 1945, na mfadhili wake mkubwa alikuwa Aga Khan. Jumuiya hii ilijenga shule na misikiti katika Afrika Mashariki. Hapa Tanganyika, chini ya uongozi wa Tewa Said Tewa, ilidhamiria kujenga chuo kikuu Chang'ombe, katika eneo la Temeke, na Rais Julius Nyerere akaweka jiwe la msingi. Desemba 1968 Serikali iliipiga marufuku jumuiya hiyo, likaundwa Baraza Kuu la Waislamu wa Tanzania, yaani BAKWATA, na mali za jumuiya zikahamia huko. Chuo kikuu cha Chang'ombe hakikujengwa.

Sababu za mgogoro wa 1968 zimeandikwa sana, na kila upande una maelezo yake. Sisi hapa tunaangalia jambo moja la kifiqhi. Mali iliyofungamanishwa na jumuiya huishi kwa uhai wa jumuiya. Jumuiya ikifutwa, mali hiyo huwa haina mwenye kuisemea, na aliyechangia shilingi yake hana hati ya kuonyesha kuwa alitoa kwa ajili ya chuo na si kwa jambo jingine.

Miaka mingi baadaye, katika eneo hilohilo la Chang'ombe, swali hili lilirudi kwa sura nyingine. Oktoba 2012 mgogoro wa kiwanja cha Chang'ombe Markaz ulifika Mahakama ya Kisutu. Upande mmoja ulisema kiwanja kimebadilishwa kihalali kwa ardhi nyingine. Upande wa pili ulisema hiyo ni mali ya Waislamu isiyofaa kuguswa. Wanafiqhi wanalijua suala hili kwa jina la istibdali, yaani kubadilisha mali ya wakfu kwa mali nyingine. Madhehebu ya Shafi, tunayoyafuata wengi wetu pwani, yanalibana sana jambo hili. Baadhi ya Wahanafi wanaliruhusu kwa masharti, ikiwemo idhini ya kadhi na maslahi yaliyo wazi. Lakini kabla ya kufika kwenye khitilafu hiyo, lazima ijulikane kwanza: je, mali iliwekwa wakfu, au ilichangwa tu?

Madrasa iliyomzika mwenye kuijenga

Linganisha na Baghdad. Mwaka 1067 Waziri Nidham al-Mulk alifungua Madrasa ya Nidhamiyya kwa ajili ya fiqhi ya Shafi, akaiwekea wakfu ambao mapato yake yaliwalipa walimu na kuwalisha wanafunzi. Imam Ghazali alianza kufundisha hapo mwaka 1091. Mwaka uliofuata, 1092, Nidham al-Mulk aliuawa, na dola aliyoitumikia ikaingia katika vita vya kugombea ufalme. Hata hivyo msafiri Ibn Battuta alipofika Baghdad mwaka 1327 aliikuta madrasa hiyo imesimama na akaisifu. Huyu ndiye Ibn Battuta aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Kati ya kufa kwa mwenye kuijenga na ziara hiyo ilipita miaka 235, na katikati yake Wamongoli waliuteka mji mwaka 1258.

Jiwe la Baghdad halikuwa gumu kuliko la Chang'ombe. Tofauti ni kwamba nyuma ya lile la Baghdad palikuwa na mali iliyozaa kila mwaka, na mali hiyo ilikuwa na sharti lililoandikwa.

Asili ya jambo hili ni ardhi ya Sayyidna Umar (r.a.) huko Khaybar. Alipomtaka ushauri Mtume (s.a.w.) juu ya ardhi hiyo aliyoipenda, alielekezwa aizuie asili yake na atoe sadaka matunda yake. Ikawa haiuzwi, haitolewi zawadi wala hairithiwi, na mwenye kuisimamia anaruhusiwa kula humo kwa wema bila kujilimbikizia. Hukumu zote za wakfu zimejengwa juu ya msingi huu.

Ada si mchango

Mzazi wa Mbagala au Mwananyamala anaweza kuuliza: "Mimi nimeshalipa ada ya mwanangu. Mchango tena wa nini?" Swali lake ni la haki, na fiqhi inalo jibu. Ada ni ujira. Chuo kimefundisha, mzazi amelipa, na hakuna mwenye kumdai mwenzake. Mchango ni tabarui, yaani kitu mtu anachokitoa kwa hiari bila kungoja badala yake. Sharti la tabarui ni ridhaa, kwa sababu mali ya mtu haiwi halali kwa mwingine ila kwa kuridhika nafsi yake.

Basi chuo kinachomzuilia mwanafunzi cheti mpaka mzazi atoe "mchango" hakikusanyi sadaka. Kinatoza ada kwa jina la kuazima. Wazazi wa nchi hii waliichoka michango ya lazima mashuleni hata Serikali ikaiondoa, pamoja na ada, katika shule zake kuanzia Januari 2016. Anayetaka mchango wa hiari ufaulu leo lazima kwanza aiheshimu hiari yenyewe.

Pamoja na hayo, mzazi aelewe kwamba ada peke yake haikibebi chuo kikuu. Ada hulipa mishahara ya muhula. Haijengi maktaba, wala haimbebi mtoto wa fundi viatu wa Tandika aliyefaulu na kukosa mkopo. Penye pengo hilo ama chuo kinapandisha ada mpaka maskini watoke, au kinangoja mfadhili. Vyuo vikuu vya Kiislamu katika eneo letu vimesimama zaidi kwa njia hii ya pili: Mbale, Uganda, mwaka 1988 kwa msaada wa Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, kisha Tunguu na Chukwani, Zanzibar, mwaka 1998 kwa taasisi za kheri. Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kilianza mwaka 2005 katika majengo yaliyokuwa chuo cha mafunzo cha TANESCO, yaliyotolewa na Serikali ya Rais Benjamin Mkapa. Mwaka huohuo Chang'ombe nako kulipata chuo kikuu kishiriki cha elimu, DUCE, lakini hicho ni cha Serikali.

Allah awalipe kheri wote waliotoa. Ila mfadhili mmoja ni nguzo moja. Akifa, akifilisika au nchi yake ikibadili siasa, paa linainama. Marekani walilitambua hili mapema. Wahitimu wa Yale walianzisha mfuko wao wa mchango wa kila mwaka mwaka 1890, kila mmoja akitoa alichonacho, na mtindo huo ukaenea kwenye vyuo vingine. Nguvu yake iko katika wingi wa watoaji na katika kurudia kila mwaka.

Mlango upi wa kutoa?

Mwenye kutoa ana milango mitatu, na si vyema kuichanganya.

Mlango wa kwanza ni zaka. Imam Nawawi ameeleza katika al-Majmuu kwamba mwenye uwezo wa kuchuma, lakini kuchuma kutamkatisha asisome elimu ya sharia, anahalalikiwa na zaka. Wanazuoni wa zama hizi wengi wamepanua hukumu hiyo kwa elimu nyingine zinazohitajiwa na umma. Basi zaka imfikie mwanafunzi fakiri mkononi mwake au katika ada yake. Isipelekwe kwenye kuta na rangi, maana jumhuri ya wanazuoni hawakuruhusu zaka kujenga majengo.

Mlango wa pili ni sadaka ya kawaida, nayo inafaa kwa matumizi ya mwaka kama vitabu, umeme na maji.

Mlango wa tatu ni wakfu. Hapa mhitimu wa kawaida hukata tamaa, kwani hana shamba wala nyumba ya kuizuia. Je, anaweza kuweka wakfu shilingi zake? Kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ni kuwa fedha haiwekwi wakfu, kwa sababu wakfu ni kitu kinachotumika kikabaki, na fedha ikitumika inaondoka. Katika dola ya Uthmaniya, karne ya 16, jambo hili lilizusha mjadala mkali. Sheikhul Islam Abu Suud aliutetea wakfu wa fedha, na Imam Birgiwi akaupinga. Machi 2004, katika kikao chake cha 15 mjini Muscat, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu liliamua kwamba wakfu wa fedha unajuzu, na kwamba fedha hizo zinaweza kukopeshwa kwa kheri au kuwekezwa kwa njia za halali.

Anayetaka kutoka katika khitilafu anayo njia nyepesi. Wahitimu wachange, na kwa michango yao zinunuliwe fremu za maduka Mbagala au nyumba ya kupangisha Sinza, kisha hiyo mali iwekwe wakfu kwa chuo. Wahitimu 1,000 wakitoa shilingi 1,000 kila mwezi, kwa mwaka ni shilingi milioni 12. Kwa miaka kumi ni milioni 120, bila mtu yeyote kuuza kitu cha nyumbani kwake.

Deni kwanza

Lipo angalizo moja kwa wahitimu. Tangu Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iundwe kwa sheria ya mwaka 2004, wengi wao wametoka chuoni na deni, na mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake. Marejesho hayo si mchango, ni haki ya mwenyewe. Wanazuoni wetu wamesema kuwa sadaka ya sunna haifai ikiwa itamfanya mtu ashindwe kulipa deni lake au kulisha wanaomtegemea. Kwa hiyo asiaibishwe mhitimu asiyetoa, wala majina ya waliotoa kidogo yasisomwe kwa kejeli. Anayelipa deni lake kwa uaminifu anamfungulia njia mwanafunzi anayekuja nyuma yake.

La kufanya

Ndugu msomaji, tunayoweza kuyachukua ni haya. Kila chuo kiwe na siku moja maalumu katika mwaka, na iliyo karibu zaidi na desturi yetu ni siku ya mahafali, kwani ndiyo siku ya kuhitimu. Mifuko itengwe: wa zaka, wa matumizi na wa wakfu. Kila mtoaji apewe risiti inayotaja mfuko aliouchagua, maana sharti la mwenye kuweka wakfu lina uzito wa kufuatwa. Mali ya wakfu iandikwe kwa jina la wadhamini waliosajiliwa kisheria, na hati yake itamke wazi kuwa ni wakfu wa chuo, ili viongozi wakibadilika au jumuiya ikifutwa, mali isifutike nayo. Na kila mwaka, kabla ya kuombwa shilingi mpya, hesabu ya shilingi ya mwaka jana isomwe hadharani mbele ya wazazi.

Haya hayangoji tajiri wala mgeni rasmi. Wazee wa New Street waliendesha shule bila vyote viwili. Chang'ombe haikukosa jiwe. Ilikosa mali iliyofungwa kwa sharti, na watu wa kurudi kila mwaka kuiongeza.

Wallahu a'lam.