Ubora wa rangi wa balbu za LED

Ubora wa rangi wa balbu za LED ni uwezo wa mwanga wa balbu hizo kuonyesha rangi za vitu jinsi zinavyoonekana chini ya mwanga wa jua au wa balbu ya zamani ya waya. Haujulikani kwa kusoma wati wala lumeni. Balbu mbili zenye lumeni sawa na weupe sawa zinaweza kutofautiana: chini ya moja nyanya huonekana nyekundu, chini ya nyingine huelekea kahawia.

Chanzo cha tofauti

Balbu ya waya hutoa mwanga kwa joto, kwa hiyo mwanga wake una rangi zote za upinde wa mvua kwa mfululizo. LED moja hutoa rangi moja tu. LED ya buluu yenye mwanga mkali ilitokana na kazi ya Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, waliopewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Balbu nyingi za nyumbani hutumia LED ya aina hiyo, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 450 hivi, iliyofunikwa kwa unga wa njano. Unga huo hufyonza sehemu ya mwanga wa buluu na kutoa mwanga wa njano. Rangi hizo mbili zikichanganyika, jicho huona nyeupe.

Mchanganyiko huo una upungufu wa nyekundu. Jicho la binadamu, katika mwanga wa kutosha, huhisi zaidi mwanga wa kijani-njano wa nanomita 555 hivi, na huhisi kidogo tu nyekundu iliyokolea. Kwa sababu hiyo umeme unaotumika kutoa nyekundu huongeza lumeni chache, na mtengenezaji anayetafuta lumeni nyingi kwa kila wati hupunguza nyekundu.

Upungufu huo huathiri mwonekano wa nyama, mbao, vitambaa na ngozi ya binadamu. Katika kuchunguza umanjano wa mtoto mchanga, kwa mfano, mwanga wa mchana hupendelewa kwa kuwa taa zinaweza kupotosha rangi ya ngozi.

Vipimo

Kipimo kinachotumika zaidi ni kielezo cha uonyeshaji rangi, kinachoandikwa CRI au Ra. Sampuli 8 za rangi zisizokolea hulinganishwa chini ya taa inayopimwa na chini ya mwanga wa rejea, kisha wastani hutolewa. Alama ya juu ni 100, na balbu ya waya huikaribia.

Nyekundu iliyokolea, inayoitwa R9, haimo katika sampuli hizo 8. Kwa hiyo balbu yenye CRI 80 inaweza kuwa na R9 iliyo karibu na sifuri, au hata chini ya sifuri. Mwaka 2015 wahandisi wa taa wa Marekani walitoa mbinu mpya, TM-30, inayotumia sampuli 99.

Joto-rangi ni jambo jingine. Hupimwa kwa kelvini (K): 2700 K ni mwanga wa kimanjano kama wa balbu ya waya, na 6500 K ni mweupe wenye ubuluu. Joto-rangi halionyeshi ubora. Balbu ya 2700 K inaweza kuwa duni na ya 6500 K ikawa bora.

Kuchagua

Kwenye baadhi ya maboksi kuna namba ya tarakimu 3. Tarakimu ya kwanza huonyesha CRI na mbili zinazofuata joto-rangi: 827 ni CRI ya 80 na zaidi kwa 2700 K, 965 ni CRI ya 90 na zaidi kwa 6500 K. Kwa jikoni, kwenye kioo cha kujipamba na mahali pa kushonea, CRI ya 90 na R9 ya 50 au zaidi hufaa. Viwango hivyo viwili ndivyo vilivyowekwa na kanuni za ujenzi za California kwa taa za nyumbani zenye ufanisi mkubwa. Kwa ngazi, stoo na nje ya nyumba, CRI ya 80 hutosha.

Boksi lisipoonyesha CRI, balbu inaweza kujaribiwa dukani kwa kumulika kiganja cha mkono na kitambaa chekundu, kisha kuvitazama tena nje kwenye mwanga wa mchana.

Kurekebisha

Kichujio cha rangi, kivuli cha taa cha kitambaa au ukuta wa rangi ya krimu hufyonza sehemu ya buluu na kufanya mwanga uwe wa kimanjano zaidi. Hata hivyo, vyote hivyo hupunguza tu. Haviwezi kuongeza nyekundu isiyokuwemo. Njia yenye manufaa zaidi ni kuchanganya balbu hiyo na nyingine yenye nyekundu ya kutosha katika chumba kimoja.

Mafundi wengine hufungua balbu na kubadilisha rezista inayopanga mkondo wa umeme. Mkondo ukipungua, LED hupoa na hudumu zaidi, lakini mwanga hupungua na CRI haibadiliki sana, kwa kuwa unga ni uleule.

Katika balbu nyingi saketi ya ndani haijatenganishwa na umeme wa nyumba, ambao Afrika Mashariki ni volti 230 hadi 240. Kifuniko kikiondolewa, sehemu zilizo wazi zinaweza kuua, na kapasita inaweza kubaki na chaji baada ya balbu kuzimwa. Balbu iliyofunguliwa haipaswi kuwashwa bila kifuniko chake.