Huria, si bure tu

Hapa Isongole, mpakani mwa Tanzania na Malawi, mtu akipeleka kompyuta iliyochoka kwa fundi hasemi kwamba mfumo endeshi umeharibika. Anasema, "Nipigie windo." Kitenzi ni kile kile cha kupiga pasi, kupiga deki na kupiga chapa: kazi inafanyika, inalipiwa, na mteja anaondoka na kitu kilichotakata. Windo hapo si dirisha, na wala si lazima iwe bidhaa ya Microsoft. Ni jina la chochote kinachoifanya kompyuta iamke na kutii.

Vitabuni kitu hicho huitwa mfumo wa uendeshaji au mfumo endeshi. Mimi nachagua la pili, kwa kuwa ni fupi na limeundwa kwa njia iliyotupatia programu tumizi. Kazi ya mfumo huo ni kusimama kati ya vyuma na programu. Ndio unaogawa kumbukumbu, unaojua faili limelala sehemu gani ya diski, unaopokea kila kitufe unachobonyeza na kukifikisha kwa programu inayokisubiri. Kuhusu istilahi hiyo sina ugomvi na mtu. Ninayotaka kuisemea ni ile inayoisindikiza siku hizi, yaani huria, kwa sababu mafundi wengi wanaiacha na kuweka bure mahali pake.

Kwa nini suala hili sasa? Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifikisha mwisho msaada wa kawaida wa Windows 10. Windows 11 nayo ina masharti: chipu ya usalama iitwayo TPM toleo la 2.0, kumbukumbu isiyopungua GB 4, diski ya GB 64, na prosesa ya miaka ya karibuni. Kwa prosesa za Intel orodha rasmi inaanzia, kwa sehemu kubwa, kizazi cha 8, kilichoingia sokoni mwaka 2017. Kompyuta za mtumba zinazofika huku kwetu zimekwishamaliza zamu yake katika ofisi za ng'ambo. Zinanunuliwa Kariakoo, Mwanjelwa au Tunduma, kisha zinafuata barabara ya Mpemba hadi Isongole. Mashine ya kizazi cha 4 bado inachapa mitihani na kutunza hesabu za duka bila kulalamika, ila mlangoni mwa Windows 11 inarudishwa.

Ndipo fundi anapoitaja Linux. Mazungumzo huwa hivi, kijana wa ufundi na mama mwenye steshenari:

"Shikamoo mama. Mashine yako nimeiangalia. Windo mpya haiingii, ila kuna nyingine inaitwa Linux. Hiyo ni ya bure kabisa."

"Marahaba mwanangu. Ya bure? Kwani ile uliyonipigia mwaka juzi niliinunua?"

Fundi hana la kujibu. Ile ya mwaka juzi haikununuliwa. Mama alilipa ufundi, nakala ikatoka kwenye flashi, ikafunguliwa kwa kukraki, basi. Mahali ambapo bidhaa ya kulipia haijawahi kulipiwa, kumwambia mtu kwamba nyingine haina bei ni kumwambia asichokihitaji.

Tena neno lenyewe lina uso wa pili. Kilicho bure hakina bei, na kazi iliyofanyika bure haikuzaa kitu. Tunasema kazi bure, tunasema maneno ya bure, na tukimchoka mtu tunasema ni mtu bure. Anayeinadi programu kwa neno hilo anaibomoa kabla mteja hajaiona.

Walioanzisha harakati za programu za namna hii walipata taabu nyingine ya jina. Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU mwezi Septemba 1983, na mwaka 1985 akaunda taasisi ya Free Software Foundation. Neno la Kiingereza alilolichagua lina maana mbili, uhuru na kutokuwa na bei, na tangu wakati huo amekuwa akieleza, jukwaa hadi jukwaa, kwamba bei siyo hoja yake. Amefika hata kuazima neno kutoka Kifaransa na Kihispania ili aeleweke. Mwaka 1998 Christine Peterson alipendekeza jina jingine, linalotaja kwamba chanzo cha programu, yaani msimbo wake, kiko wazi. Likapendwa na makampuni, likamuudhi Stallman, na leo kuna kambi mbili zenye majina mawili kwa programu ambazo karibu zote ni zile zile.

Sisi Kiswahili kilitutendea wema mapema. Bure iko kwake, huru iko kwake, na pembeni kuna huria, tawi la mzizi ule ule wa Kiarabu uliotupa uhuru. Huru humwelezea mwenye nafsi: mtu huru, nchi huru. Huria huelezea utaratibu ambao kila mtu anaweza kuingia na kushiriki. Tanzania tulilizoea kupitia soko huria, enzi za Rais Ali Hassan Mwinyi, ambaye wananchi walimwita Mzee Ruksa. Kisha likaja Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, ambako mtu husoma akiwa kwake, bila kuacha kazi wala shamba. Katika soko, neno lilibeba uhuru wa kuuza na kununua. Katika chuo, lilibeba uwazi wa mlango. Kwa hiyo programu huria inawatosha Stallman na wapinzani wake kwa pamoja, na sioni sababu ya sisi kuuingiza ugomvi wao nyumbani.

Nakiri kwamba si kila mtu analisikia neno hili kwa furaha. Wako waliotoka katika miaka ya soko huria bila kiwanda na bila ajira, na kwao huria iko jirani sana na holela. Katika programu jirani huyo hayupo. Programu huria ina leseni, na leseni hiyo ina nguvu ya kisheria kama ya programu yoyote ya kuuzwa. Inayojulikana zaidi ni GPL, iliyotolewa kwanza mwaka 1989. Inatoa ruksa nne: kuitumia programu kwa kazi yoyote, kuusoma msimbo wake na kuubadili, kumnakilia mwenzako, na kuigawa hata ile uliyoibadili. Sharti lake kubwa ni kwamba ukiigawa, uliyempa awe na ruksa zile zile ulizopewa wewe.

Historia ya Linux yenyewe ni somo zuri la tofauti ninayoisema. Linus Torvalds, akiwa mwanafunzi mjini Helsinki, aliitangaza mwaka 1991. Leseni yake ya kwanza ilikataza mtu kutoza fedha kwa kuigawa. Hapo Linux ilikuwa bure, lakini haikuwa huria. Mwaka 1992 aliihamishia kwenye GPL, na tangu hapo ni halali kuiuza. Narudia kwa faida ya mafundi: ni halali kuiuza. Kijana wa Isongole anayeiweka Linux kwenye flashi na kuiuza pamoja na ufundi wake havunji sheria ya mtu. Anayesema "ya bure" anajinyima hata haki ya kudai malipo yake kwa kichwa kilichoinuka.

Watu wa mpakani wanaijua vizuri tofauti kati ya mzigo uliopita forodhani na uliopita njia za panya. Kati ya Isongole na Chitipa, upande wa Malawi, sukari inaweza kuwa ya mfuko ule ule na tamu ile ile, lakini mwenye mzigo mmoja analala usingizi na mwingine anasikiliza mlango. Windo ya kukraki ni mzigo wa njia ya panya. Inafanya kazi, ila kioo huweza kukumbusha kwamba haijaidhinishwa, mwenyewe anaogopa kuisasisha isije ikafungwa, na kile kiprogramu kilichotumika kuifungua kinaweza kuwa ndicho kilichobeba virusi. Programu huria imepita forodhani, karatasi zake zimegongwa muhuri. Flashi moja inaweza kuingia katika kompyuta zote za shule, ikavuka hadi Chitipa, ikarudi, na popote inapofika haijaiba. Hii ndiyo ruksa ya tatu, na kwa mahali kama hapa naiona ina uzito kuliko zile nyingine tatu.

Sasa kuhusu kujaribu. Mifumo mingi ya Linux hukubali kuendeshwa kutoka kwenye flashi bila kuwekwa kwenye diski. Mjerumani Klaus Knopper ndiye aliyelipa umaarufu jambo hili kwa mfumo wake wa Knoppix, uliotoka mwaka 2000 ukiendeshwa kutoka kwenye sidii. Waingereza huuita mfumo wa namna hiyo "hai". Ukitafsiri hivyo hivyo unapata mfumo hai, na msomaji atauliza ule mwingine ulikufa lini. Napendekeza tuseme hali ya kujaribia, kwa sababu ndiyo kazi yake. Kinyume chake ni kusakinisha, neno lililotokana na kusakini, yaani kukaa mahali na kufanya makazi. Mfumo ulio kwenye flashi haujasakini. Unapanda kwenye kumbukumbu, unatumika, ukizima kompyuta unatoweka, na windo yako unaikuta ilivyokuwa.

Utaratibu wake hauhitaji ushujaa. Unapakua faili la mfumo, kwa mfano Linux Mint toleo la Xfce ambalo ni jepesi. Ukubwa wake unakaribia GB 3, kwa hiyo subiri bando la usiku. Unaliandika kwenye flashi kwa programu kama Rufus. Kulinakili tu kama unavyonakili wimbo hakutoshi, kwa kuwa kompyuta haitaliona kuwa ni la kuwakia. Flashi hiyo itafutwa yote, basi isiwe ile yenye picha za harusi ya mtu. Kisha unaiwasha upya mashine huku ukibonyeza F12 kama ni Dell au Lenovo, Esc au F9 kama ni HP, na kuchagua flashi. Linux Mint inaridhika na kumbukumbu ya GB 2, ingawa kwa GB 4 mtu hapumui kwa shida.

Ukiwa katika hali ya kujaribia, usipoteze muda kubadilisha picha za ukutani. Jaribu waifai kwanza, kwani baadhi ya vifaa vyake, hasa vya Broadcom, huhitaji dereva la ziada. Jaribu sauti, jaribu printa, jaribu kuifunika na kuifunua uone kama inaamka. Fungua faili la mtihani au la bajeti uone jedwali limekaaje. Kisichofanya kazi kwenye flashi kwa kawaida hakitaanza kufanya kazi kwa kusakinishwa tu.

Ruksa ya pili, ya kuubadili msimbo, inaonekana kuwa ya waandika programu peke yao, lakini Kiswahili kimewahi kuitumia. Katika miaka ya mwanzo ya 2000, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kampuni ya Sweden iitwayo IT+46 waliendesha mradi wa Kilinux. Walikusanya istilahi za kompyuta, wakatafsiri programu ya ofisi ya OpenOffice, na Desemba 2004 wakatoa Jambo OpenOffice, ambayo menyu na ujumbe wake vilikuwa kwa Kiswahili. Hawakumwomba mwenye mali kibali, kwa sababu kibali kilikuwa ndani ya leseni tangu mwanzo. Mkenya Jason Githeko naye alitengeneza orodha ya maneno ya kukagulia tahajia ya Kiswahili, na hadi leo mtu anaweza kuitumia ndani ya LibreOffice, programu iliyochipuka kutoka OpenOffice mwaka 2010. Mwaka ule ule wa 2004 wa Jambo OpenOffice ndio ulipotoka mfumo wa Linux uitwao Ubuntu, kwa mtaji wa Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina la mfumo huo ni ndugu wa damu wa neno letu utu, na kwa miaka kadhaa sidii zake zilitumwa kwa posta kwa aliyeziomba, popote alipo, bila gharama.

Tafsiri hizo hazijakamilika. Ukichagua Kiswahili utakuta menyu moja inasema nasi na inayofuata inasema na wenzetu, na watumiaji wengi wa Tanzania hurudi Kiingereza walichokizoea tangu darasa la kompyuta. Lakini ukikuta neno baya katika programu huria unaweza kulirekebisha na kulituma, wakalipokea watu wote. Katika programu ya kuuzwa unaandika malalamiko.

Nisimdanganye mwenye steshenari. Photoshop na CorelDRAW za leo hazitengenezwi kwa ajili ya Linux, na huko ndiko picha za paspoti na kadi za harusi zinakotoka. Programu huria za GIMP na Inkscape zinafanya kazi hizo, ila mkono uliozoea njia za mkato za Photoshop utateseka kwa wiki kadhaa, na wateja wa kadi hawasubiri. Faili la Word lenye majedwali mengi linaweza kuhama mistari likifunguliwa kwa LibreOffice, na barua ya ofisini iliyohama mistari inarudishwa. Printa za HP huwa na msaada mzuri. Baadhi ya zile za leza za Canon zinataka dereva linalotafutwa kwa jasho. Kwa duka la namna hiyo ningeshauri kuigawa diski, Linux na windo zikae kwenye mashine moja, baada ya kunakili kazi zote kwenye diski ya nje. Kompyuta ikiwashwa inauliza iende upande gani. Barua, mitihani na mtandao vifanyike upande wa Linux. Kadi za harusi zibaki upande wa pili, angalau mpaka msimu wa harusi uishe.